Re: Morisi wanaongea lugha gani?

Mkuu umeuliza mtoto akihamia Morisi atasoma kwa Kiingereza au Kifaransa. Vitabu na mitihani ni Kiingereza, ila nyumbani na mtaani wengi wanaongea Krioli, lugha ya kisiwani iliyotokana na Kifaransa, awe Mhindu, Mkristo au Muislamu, kwahiyo mwalimu akiona darasa limekaa kimya tu anageukia Krioli au Kifaransa ndo wanaelewa. Tangu 2012 Krioli inafundishwa kama somo shule za msingi, na kwakweli walichelewa sana, lugha ya mama inastahili heshima. Magazeti mengi Kifaransa. Sekondari bure tangu 1977.

Kuhusu dini usiogope, wakati wa Maha Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, Wahindu wanatembea kwa miguu hadi ziwa lao takatifu la Grand Bassin wamebeba kanwar, yaani fremu za kubeba mabegani, zenye mapambo na njiani watu wanawagawia maji na juisi.