Weka hilo jedwali la pointi chini kabla ya Jumamosi

Mkuu, hilo jedwali liweke chini. Nimesoma swali lako mara mbili na moyo umeniuma. Unasema Jumamosi unakutana na wenzako kumaliza ubishi wa nani mchezaji bora NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na umewapanga Nikola Jokić, Shai Gilgeous-Alexander, Giannis Antetokounmpo na Luka Dončić kwa wastani wa pointi. Atakayekuwa juu ndiye utakayemtetea, "maana kikapu ni kufunga". Umeuliza pia kama kuna msimu wa zamani unaofaa kuanza nao. Tutafika huko. Kwanza hili la jedwali, kwa sababu mimi nimetembea na jedwali kama hilo miaka mitatu, na kuna kijana aliacha kucheza kikapu kwa sababu yangu.

Aliyenitia upofuni ni mchambuzi mmoja, jina lake nalihifadhi. Alikuwa na kipindi kilichopendwa sana, na kila mara alianza kwa kuweka wastani wa pointi kwenye skrini, kisha anausoma kuanzia juu kushuka chini kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani. Kauli yake ilikuwa "namba hazidanganyi, anayebisha alete zake". Mimi nikamwamini kabisa. Nikanunua daftari, nikalichora safu nne: jina, mechi, pointi, wastani. Nikaacha hata kutazama mechi. Nitazame ya nini, wakati asubuhi matokeo yako pale yamejumlishwa?

Na ubishi nilikuwa nashinda, hapo ndipo penye hatari. Mtu akisema fulani ni bora, nafungua daftari, namsomea, ananyamaza. Siku moja akatokea mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza tu, akaniuliza kwa upole: "Msimu wa 1961-62, mwanangu, nani alikuwa bora?" Nikamjibu bila kufikiri, Wilt Chamberlain. Huyo ndiye aliyemaliza msimu na wastani wa pointi 50.4. Tarehe 2 Machi 1962 alifunga pointi 100 katika mechi moja dhidi ya New York Knicks. Mzee akatikisa kichwa. "Na tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa nani?" Ilikwenda kwa Bill Russell wa Boston, mkuu. Russell msimu ule alikuwa na wastani wa 18.9. Huwezi kusema ni waandishi waliokuwa na lao, kwa sababu enzi zile waliopiga kura ni wachezaji wenyewe, watu waliokuwa wakibanana mbavu na Wilt leo na Russell kesho. Walimwona mtu anafunga hamsini kila usiku, na karatasi zao wakaandika jina la yule mwingine.

Ningekuwa na masikio, ningelichana daftari usiku ule ule. Asubuhi nikajitungia jibu kwamba wachezaji walimwonea Wilt wivu, nikaendelea na safu zangu nne.

Sasa sikiliza kilichonipata. Wakati huo nilikuwa nafundisha timu ya vijana mwisho wa wiki, kwa kujitolea. Kulikuwa na mashindano yanakuja, nafasi 12, vijana 15. Kocha mwenye akili angekaa pembeni wiki mbili akawatazama. Mimi nilikaa mezani na daftari. Kijana wa juu kabisa alikuwa na wastani wa pointi 19. Chini kabisa alikuwa kijana wa jezi namba 8, mwenye pointi 4. Nikampigia mstari kwa rula.

Siku ya kusoma majina walikuwa wamekaa chini wanavaa viatu. Namba 8 alikuwa anafunga kamba. Nikasoma jina la kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili, nikafunga daftari. Yule kijana hakuinua kichwa. Akamaliza kufunga kamba ya kiatu cha kulia, akahamia cha kushoto, akakifunga vizuri kabisa fundo mbili kama mtu anayeingia uwanjani, ndipo akainuka na kuondoka. Hakuuliza kitu. Angeuliza ningemwonyesha daftari, na nina hakika ningemwonyesha kwa kujiamini.

Mashindano tukapoteza mechi zote tatu. Mfungaji wangu wa 19 alionekana kama hajawahi kushika mpira. Kila alipogeuka kuna mtu mbele yake, kila pasi inamfikia imechelewa. Nikamfokea, na hilo nalo linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuwa na kosa.

Baada ya hapo mzazi mmoja akaniletea rekodi ya mechi ya mazoezi ya mwezi mmoja nyuma, mechi ambayo mfungaji wangu alifunga 23. Nikaketi niitazame nijue kijana kaharibikia wapi. Dakika ya kwanza anafunga. Narudisha nyuma nione alivyopata nafasi: namba 8 amesimama imara kwenye njia ya mkabaji, yule kamgonga kifuani, mwenzake kapita huru. Kikapu cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, namba 8 hana mpira kabisa, yuko pembeni, mkono wake mmoja uko nyuma ya mgongo na kidole kinaelekeza chini kushoto, na mfungaji anakwenda kule kule kidole kinakoelekeza. Nilirudisha kipande hicho mara nne. Kwenye kukaba ndiyo usiseme. Mfungaji hatari wa wapinzani anaomba mpira, namba 8 kaweka kiganja kwenye njia ya pasi, mpira unapelekwa kwingine. Hakuunyang'anya wala hakuuzuia. Kwa hiyo daftari langu halikuwa na chochote cha kuandika.

Katika robo ya tatu tulikuwa mbele kwa pointi 6. Nikamtoa apumzike, namwona kwenye rekodi anakunywa maji. Wapinzani wakafunga vikapu vinne mfululizo. Akarudi, mvua ikakatika. Na mimi kwenye rekodi hiyo hiyo nasikika nikimpongeza mtu mwingine.

Nilimtafuta, nikamwomba radhi. Alinipokea kwa heshima, akaniamkia vizuri kama siku zote, kisha akasema: "Kocha, mimi si mfungaji lakini." Sentensi hiyo mimi ndiye niliyempa. Uwanjani hakurudi tena.

Kwa hiyo mtanisamehe nikimkasirikia yule mchambuzi. Angalau angewaambia watu namba zinaandikwaje! Mtu mzima anakaa mbele ya maelfu ya watazamaji, hasemi kwamba asisti, yaani pasi iliyozaa kikapu, anaandikiwa mtoa pasi ya mwisho peke yake. Yule aliyetoa pasi ya kabla ya hapo, iliyowavunja wakabaji wote, haonekani kwenye jumla. Hasemi kwamba aliyesimama kumzuia mkabaji ili mwenzake apite haonekani. Hasemi kwamba NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa na mipira iliyonyang'anywa msimu wa 1973-74, kwa hiyo Russell, bingwa mara 11 katika misimu 13, aliyeufanya ukabaji kuwa kazi ya maana, hana hata mtupo mmoja uliozuiwa kwenye vitabu rasmi. Hata mtupo wa pointi tatu uliingia ligi hiyo msimu wa 1979-80. Halafu unachukua wastani wa 1962 unaupanga safu moja na wa leo?

Msidhani ni mambo ya kale tu. Msimu wa 2005-06 Kobe Bryant wa Lakers aliongoza ligi kwa wastani wa pointi 35.4, akafunga 81 dhidi ya Toronto tarehe 22 Januari 2006. MVP, yaani mchezaji bora, wa msimu ule alikuwa Steve Nash, mwenye pointi 18.8. Mniite mpinga Kobe mkitaka, nimezoea. Mimi nampenda Kobe. Nasema tu jedwali lako lisingemwona Nash hata kwa darubini.

Na usikimbilie pete za ubingwa sasa. Najua utakuwa umeshaanza kufikiria hivyo. Robert Horry, ambaye hakuna anayemwita bora wa wote, ana pete 7; Michael Jordan, ambaye wengi humwita hivyo, ana 6. Hiyo njia imefungwa, rudi.

Kanuni ni moja, na ndiyo ninayoomba uondoke nayo hata kama mengine yote utayasahau. Chagua mchezaji mmoja, mechi nzima, usiufuate mpira, mfuate YEYE. Mpira ukiwa upande wa pili, macho yako yabaki kwake. Akienda benchi andika matokeo, akirudi andika tena. Fanya hivyo kwa mechi tatu kabla hujafungua mdomo kusema fulani ni bora.

Mfuate Jokić hivyo uone. Mtu aliyekuwa wa 41 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2014, mzito, haruki, anakimbia kama anakwenda kuchota maji. Ukifuata mpira utamwona mara moja moja. Ukimfuata yeye utaona anashika ribaundi, mpira uliokosa kikapu, na kabla miguu haijatulia mpira umeshavuka nusu ya uwanja kwa mwenzake anayekimbia. Utaona anasimama juu ya duara na mpira kichwani, wenzake wanakata njia kumzunguka, na mkabaji anayegeuza shingo kwa sekunde moja tu ameumia. Utaona anasimama kumzuia mkabaji wa mwenzake Jamal Murray, Murray anapita, wakabaji wawili wanamkimbilia, Jokić anabaki peke yake, na kikapu kimeshapatikana kabla mtu hajatupa. Kisha anakwenda benchi, na Denver, timu yake, inakuwa timu nyingine kabisa. Hilo limeonekana msimu baada ya msimu. Kwangu mimi huyu ndiye bora, na nasema hivyo nikijua kwamba msimu wa 2024-25 tuzo haikuwa yake ingawa alimaliza na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2.

Ilikwenda kwa Shai, na hapa utaruka juu useme jedwali lako limepatia, Shai aliongoza kwa 32.7 akawa MVP, akatwaa ubingwa na Oklahoma City na MVP wa fainali pia. Limepatia msimu ule. Msimu mmoja nyuma aliongoza Dončić kwa 33.9, tuzo ikaenda kwa Jokić. Utalitetea vipi jedwali linalopatia msimu mmoja na kukosea mwingine? Mfuate Shai bila mpira, utamtetea kwa hoja bora kuliko 32.7. Tazama mikono yake kwenye njia za pasi, tazama alivyo sehemu ya timu iliyokaba kuliko zote msimu ule, tazama jinsi asivyopoteza mpira hata akibanwa na watu wawili. Ukija na hayo nitakusikiliza mpaka asubuhi, na huenda ukanigeuza.

Hata wenye kazi ya kutazama hupitwa. Fainali za 2015, Stephen Curry wa Golden State hakupata kura hata moja ya MVP wa fainali, akachukua mwenzake Andre Iguodala mwenye wastani wa pointi 16.3. Iguodala alimkaba LeBron James, nyota wa wapinzani, kwa jasho, simnyimi haki yake. Lakini mfuate Curry katika mechi zile. Anakimbia pembeni bila mpira, wakabaji wawili wanamfuata kama nzi wanavyofuata kidonda, mwenzake anaweka mpira kikapuni akiwa peke yake. Curry haandikiwi kitu. Namba 8 wangu huyo, ila huyu anajulikana dunia nzima.

Giannis sina ugomvi naye. Mtu aliyefunga 50 mechi ya mwisho ya fainali za 2021, na kuingiza mitupo huru 17 kati ya 19 baada ya kuchekwa msimu mzima kwa mitupo hiyo hiyo, mtetee upendavyo. Mfuate tu kwenye kukaba, ndiko aliko zaidi. Dončić mfuate pia, ila wakati timu yake imepoteza mpira na inarudi nyuma, kisha uamue mwenyewe.

Kabla ya Jumamosi tafuta mechi ya 3 ya fainali za 2023, Denver ugenini Miami. Denver walishinda 109 kwa 94. Jokić alimaliza na pointi 32, ribaundi 21, asisti 10, na Murray na pointi 34, ribaundi 10, asisti 10, lakini namba hizo nimekupa ili usizitafute tena. Funika ubao wa matokeo kwa karatasi. Anza robo ya kwanza, macho kwa jezi namba 15 tu, hata mpira ukiwa mikononi mwa Murray, hasa mpira ukiwa mikononi mwa Murray. Andika kila mara anapomfungulia mtu njia, kwa kalamu, mstari mmoja mmoja. Halafu rudi hapa utuambie umeandika mistari mingapi.