Anza na paa na nyaya, spika zisubiri

Kaka, umeuliza kama mlibomoe jukwaa la zamani la bustani yenu ya michezo hapo Jinja, Uganda, au mnunue kwanza spika na taa mpya. Msibomoe bado, na spika zisubiri.

Anzeni juu. Mvua ya Aprili ikipiga mabati matupu humfunika mwimbaji yeyote, hata mkiwa na spika za bei gani. Wekeni dari ya kupunguza kelele. Kisha fundi umeme mwenye leseni akague nyaya zote, afunge waya wa ardhi na kinga ya radi. Hili nakusihi msilipuuze: ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na chini ya mabati hayo wanakaa watoto.

Nguzo za mbao zichomeni kwa bisibisi karibu na ardhi. Ikizama kirahisi, mbao imeoza au mchwa wameshakula. Badilisheni, msipake rangi.

Sakafu ndiyo ninayoijali zaidi. Mko Busoga, eneo lenye embaire! Marimba hayo makubwa hupangwa juu ya shimo, nalo ndilo linalokuza sauti. Basi mkijenga upya, acheni shimo mbele ya jukwaa, lenye mfuniko imara wa kuondoa. Waiteni wapigaji wenyewe wawapimie kabla zege halijamwagwa.

Taa za LED zifuate, hazilemei jenereta. Kazi ya paa ifanyeni Juni na Julai.