Skani haikuona tezi, mama apasuliwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 na ameshasumbuliwa na mawe ya figo mara mbili. Kalsiamu kwenye damu iko juu, na homoni ya parathairoidi iko juu pia. Altrasaundi ya shingo na skani ya sestamibi hazikuonyesha kitu, lakini daktari bado anataka kumpasua. Atatoa nini kama hakuna kilichoonekana?

JIBU: Marahaba. Najua majibu ya namna hiyo yanavyotia tumaini kwamba labda ugonjwa haupo. Upo, na damu ya mama imeshasema. Kalsiamu ikipanda, tezi za parathairoidi hutakiwa kupunguza homoni, zake hazipunguzi. Picha kazi yake ni kumwelekeza mpasuaji aanzie wapi.

Kwa kawaida tezi hizo ni nne, zimejibanza nyuma ya thairoidi (tezi kubwa ya mbele ya shingo), kila moja kama punje ya mchele. Sestamibi huchomwa mshipani ikiwa na teknesiamu yenye mionzi. Picha inayopigwa dakika 15 hivi baadaye huonyesha thairoidi nzima, kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Baada ya saa mbili kipepeo amefifia, na pale kwenye tezi mbovu kimebaki kidoa cheusi, kwa sababu seli zake zilizojaa mitokondria (vinu vya nishati vya seli) huishikilia dawa. Tezi ikiwa ndogo, au zikiwa zimevimba kidogo zaidi ya moja, kidoa huweza kisitokee kabisa.

Uliza pia kama skani ilifika kifuani. Nahodha mmoja wa Marekani, Charles Martell, alipasuliwa shingo mara kadhaa bila mafanikio. Upasuaji wa saba, mwaka 1932, ndio uliokuta uvimbe wa tezi hiyo ndani ya kifua. Kwa hiyo mimi ningependa mama apigwe picha zinazounganisha sestamibi na CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka), kuanzia taya hadi moyoni. Zisipotoa jibu, kuna CT ya awamu kadhaa yenye dawa ya mshipani, na PET ya kolini (skani nyingine ya dawa yenye mionzi), pale zinapopatikana.

Hata zote zikikosa, mpasuaji mzoefu huweza kuzikagua tezi zote nne kwa macho. Muulize ameshafanya upasuaji huu mara ngapi. Kwa mama yako, hilo lina uzito kuliko skani nyingine. Muulize pia kama watapima homoni akiwa bado mezani. Tezi mbovu ikishatoka, ndani ya dakika 10 homoni inatakiwa ishuke kwa nusu au zaidi. Isiposhuka, anaendelea kutafuta kabla hajashona.