Unga wa kura na gorogoro ya Kibuye

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama siasa inasaidia ama inaharibu maisha ya mwananchi wa kawaida. Mimi nauza mahindi na maharagwe hapa Kibuye, Kisumu, na jibu langu liko kwa kalenda.

Zamani tulikuwa tunapiga kura Desemba, 1992, 1997, 2002, 2007, zote Desemba, wakati mahindi ya Kitale na Eldoret yameshavunwa yamejaa soko, bei iko chini, mgombea anaulizwa barabara na maji lakini unga haulizwi sana. Katiba ya 2010 ikasema uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti. Sasa mtu yeyote wa nafaka atakwambia Juni mpaka Agosti ndio kubaya, stoki ya mwaka jana imekwisha, ya huku chini Busia na Bungoma ndio kwanza inaanza kutoka na mengine bado mabichi, Trans Nzoia na Uasin Gishu ngoja mpaka Oktoba. Yani tumepanga kura pale pale njaa inapobisha hodi. Sidhani walioandika katiba waliwaza hilo, lakini ndilo limetuletea unga wa kampeni.

2017, mwezi wa Mei, pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imefika kama shilingi 150, serikali ikaishusha mpaka 90, ushuru wa mahindi ya nje ukaondolewa, na meli ya mahindi ya Mexico ikafika Mombasa haraka hivyo mpaka watu wakauliza kwani ilikuwa imejificha nyuma ya kisiwa gani. Kura ilikuwa Agosti 8. 2022 mambo yakawa yale yale, pakiti imepita 200, Julai 20 ikatangazwa 100, kura Agosti 9. Siku ishirini! Septemba Rais Ruto akaapishwa na siku hiyo hiyo akasema ruzuku ya unga, yaani pesa ya serikali ya kushusha bei, imekula bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo, ikawa basi. Na wenye viwanda nao wakabaki wanalia hawajalipwa pesa yao yote.

Kilichonikera mimi sana ni ile pakiti yenyewe. Ruzuku ilipitia viwanda vikubwa, kwa unga wa kukobolewa wa supamaketi. Mteja wangu wa Nyalenda ama Obunga hanunui pakiti kila siku, ananunua gorogoro ya mahindi, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni, anapeleka kisiagi, analipa kusaga, na siku mfuko umekauka ananunua nusu gorogoro. Huyo hakushushiwa kitu, na ndiye maskini kuliko wote kwa hiyo stori. Lakini sijawahi kuona waziri amesimama mbele ya kamera ameshika gorogoro. Pakiti imeandikwa bei, inapigwa picha vizuri, mpiga kura anaona kabisa ameshushiwa na nani. Na hata hiyo pakiti kuipata dukani ilikuwa bahati.

Halafu kuna mkulima, ambaye kila mtu anamsahau mpaka msimu wa kupanda. Akivuna Oktoba anakuta mahindi ya nje bado yako ghalani, bei imelala, na Januari anataka karo, atafanya nini, anauza tu. Akisema apeleke NCPB, ile bodi ya serikali inayonunua nafaka, tunakumbuka 2018, wafanyabiashara wakalipwa mamilioni na wakulima wenyewe wako kwa foleni na malori.

Sasa kuna wenzangu hapa sokoni wanasema siasa itolewe kwa uchumi kabisa, mambo yaachiwe wataalamu. Hapo nakataa. Shule ya msingi bila karo ya 2003 ilitoka kwa kampeni ya Narc, muungano wa vyama ulioshinda kura ya 2002, ilikuwa siasa tupu, na mpaka leo hakuna rais amethubutu kuiondoa kwa sababu kila mzazi anajua anadai nini na anamdai nani. Mbolea ya ruzuku pia ni siasa, mfuko wa kilo 50 ulishuka mpaka 3,500 mwaka wa 2022, baadaye 2,500, na wakulima wanaoniletea mahindi waliishukuru. Kisha 2024 ikagundulika kuna mifuko feki imeuzwa mpaka kwa maghala ya NCPB. Wabunge wakaanza kumng'oa waziri wa kilimo, Linturi, kamati ikasema mashtaka hayajathibitishwa, akabaki kazini, halafu vijana wakaingia barabarani kupinga kodi za Mswada wa Fedha na Julai karibu baraza lote la mawaziri likaenda nyumbani, yeye akiwemo. Kazi ya Bunge ikafanywa na vijana, na wengine wamelipa na maisha yao.

Kama ningeulizwa, hizo bilioni za pakiti zingepitia njia ya Inua Jamii, ile elfu mbili kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 na zaidi. Hiyo pesa ikitumwa mimi naijua bila kuambiwa, wamama wanakuja na vikapu, kila mmoja anachagua mwenyewe mahindi, maharagwe ama omena. (Ndio, nafaidika, siwezi kudanganya.) Shida inachelewa, miezi inarundikana, na mwanasiasa haipendi sana kwa sababu nyanya anaipokea bila kupanga laini mbele ya mtu wa kofia. Ongezeni familia zingine maskini, ongezeni kitu kidogo Juni mpaka Agosti, kila mwaka, kura iwe ama isiwe.

Na kuna wale wanasema turudishe uchaguzi Desemba, wabunge walishawahi kujaribu. Mimi naona tuache tu hapo Agosti. Tukiusogeza, gorogoro itapanda Juni vile vile, ila hapatakuwa na mtu wa Nairobi anayeuliza ni ngapi.