Seli shina kwa ugonjwa wa MS: "imethibitishwa" maana yake nini?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Tunaishi Muscat, asili yetu Unguja. Mdogo wangu wa kike, miaka 41, ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva) tangu miaka tisa iliyopita. Zamani ilikuwa inamjia na kumwachia: mara jicho linaingia kiza wiki tatu, mara mguu ganzi. Sasa ni mwaka wa tatu hajapata shambulio, ila mwendo unazidi kuwa mzito na ameanza kushika gongo. Kliniki moja ya nje imetutumia bei: watamtoa mafuta tumboni, watengeneze seli shina, wamdunge uti wa mgongo. Wanasema tiba hiyo imethibitishwa na utafiti mkubwa wa Marekani. Ni kweli? Na vitu hivi hupimwa vipi?

Jibu: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Utafiti upo, ila si wa tiba hiyo. Jina "seli shina", yaani seli changa zinazozaa seli nyingine, linabeba tiba mbili zisizo na undugu, na kliniki inatumia matokeo ya moja kuuzia nyingine.

Bila shaka wanazungumzia MIST, utafiti ulioongozwa na Richard Burt wa Chicago na kuchapishwa Januari 2019, pamoja na hospitali za Sheffield (Uingereza), Uppsala (Uswidi) na Brazil. Humo mgonjwa hudungwa sindano za kusukuma seli shina kutoka kwenye uboho ziingie kwenye damu, mashine inazichuja, zinagandishwa. Halafu anapewa siklofosfamaidi na dawa nyingine ya kuua chembe za kinga, kwa siku kadhaa, mpaka kinga iliyokuwa ikitafuna ala ya neva zake iporomoke. Hizo dawa ndizo tiba. Seli zinarudishwa ili damu na kinga viote upya, basi. Siku yenyewe ya kuzirudisha huwa kama harusi isiyo na ngoma: kimfuko kidogo, dakika chache, na chumba kizima kunuka kitunguu saumu kwa sababu ya kemikali iliyozilinda kwenye ubaridi.

Sasa upimaji. Wagonjwa walikuwa 110, wote wenye MS ya kuja na kuondoka, na wote waliendelea kushambuliwa huku wakiwa kwenye dawa. Kura iliwagawa: 55 wapate tiba hiyo ya kufuta kinga na kurudisha seli, yaani upandikizaji, 55 dawa za kawaida. Kura ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. MS hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukimbilia tiba mpya anapokuwa amezidiwa. Wiki mbili baadaye angepata nafuu hata kwa maji ya mchele. Bila kundi la kulinganishia, nafuu hiyo yote inahesabiwa kuwa ni kazi ya seli.

Kigumu ni kuficha nani kapata tiba ipi. Aliyepandikizwa amenyonyoka nywele, utamdanganya vipi? Kwa hiyo anayefichwa ni mpimaji. Daktari mwingine kabisa, asiyejua nani alipata nini, ndiye anayegonga magoti kwa nyundo, kupima mwendo wa mita saba na nusu kwa saa ya mkononi, na kutazama vidole vikichomeka vijiti tisa kwenye matundu ya ubao. Vipimo kama hivyo, pamoja na mizani ya ulemavu ya 0 hadi 10, ndivyo vinavyoamua. Namba 6 ya mizani hiyo ni mtu anayehitaji gongo kwenda mita mia. Waliozidiwa ulemavu walikuwa 3 upande wa upandikizaji, 34 upande wa dawa, na hakuna aliyefariki.

Ni matokeo mazito, ila nina dukuduku moja: okrelizumabu, mojawapo ya dawa zenye nguvu zaidi tulizonazo leo, haikuwemo kwenye ulinganisho. Kumshinda mpinzani dhaifu si sawa na kuchukua kombe. Ndiyo sababu zikabuniwa tafiti za BEAT-MS Marekani, STAR-MS Uingereza na RAM-MS Norway, zote za kupambanisha upandikizaji na dawa kali. Na usisahau hatari. Katika rekodi za wagonjwa 281 waliopandikizwa kati ya 1995 na 2006, wanane walifariki ndani ya siku 100. Usalama umeboreka tangu hapo, lakini kwa mwanamke dawa hizo zinaweza kukatisha hedhi mapema.

Seli za mafuta ya tumbo ni habari nyingine. Ziko katika jamii ya seli za mesenkaima, zinazozaa mafuta, mfupa na gegedu, hazifuti kinga wala hazijengi kinga mpya. Ndugu zao wa kwenye uboho walipimwa vizuri sana katika utafiti wa MESEMS, nchi 9, wagonjwa 144. Kila mmoja alitolewa uboho na kila mmoja alidungwa mara mbili, wiki 24 zikipita katikati: mara moja seli, mara moja maji matupu, bila kujua kipi kimetangulia. Matokeo yalitoka 2021. Seli hazikuleta madhara makubwa, lakini kwenye MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, idadi ya majeraha mapya haikupungua kuliko kwa maji. Na hizo zilipitia mshipa wa mkononi, si mgongoni, kwa hiyo kliniki yenu haiwezi hata kuegemea usalama wake.

Wakikuonyesha namba ya usajili wa utafiti, uliza kundi la kulinganishia liko wapi na nani anapima. Kujisajili hakuhitaji ubora. Mtu hujaza fomu tu.

Kuhusu mdogo wako: mtu asiye na shambulio kwa miaka mitatu huku mguu ukizidi kuwa mzito hafanani na wale 110. Upandikizaji huzima moto. Hauoteshi neva zilizokwisha kufa. Kabla ya kulipa hata senti, apigwe MRI ya kichwa na uti wa mgongo yenye dawa ya rangi, na picha za zamani ziwekwe kando yake. Likionekana jeraha jipya linalong'aa, bado kuna moto wa kuzimwa, na daktari wake wa neva hapo Muscat ana dawa za kuanzia. Lisipoonekana, fedha hizo mpeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo.