Lipu mpya ya ndani: wiki nne kabla ya rangi

Dada, umeuliza kama unaweza kupaka rangi lipu mpya baada ya siku tano: hazitoshi, hata kama ukuta ukiugusa unaona mkavu. Lipu ya saruji iachie wiki nne, na huku Tanga kipindi cha masika ongeza, maana hewa yenyewe imejaa unyevu. Siku za mwanzo inamwagiwa maji ili ishike, kukauka ni baadaye. Mimi ni fundi rangi, na nyumba nyingi ninazoitwa kurekebisha kuanzia Chumbageni hadi Raskazone tatizo ni hilohilo: rangi imevimba malengelenge, ukiibandua nyuma unakuta unga mweupe wa chumvi.

Saruji mbichi ina alkali kali, yaani kemikali ya jamii ya magadi. Rangi ya mafuta ikikutana nayo pamoja na unyevu hugeuka laini na kunata, kama sabuni iliyolowa. Kwa hiyo rangi ya mafuta usiikaribishe mapema kabisa.

Kupima ni rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa selotepu, acha hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, bado. Chumvi ikitoka, isugue kwa brashi kavu, usiioshe. Halafu paka praima (rangi ya msingi ya kutangulia) inayohimili alkali, ndipo rangi ya maji.

Ila kama fundi alitumia mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, chumvi inaweza kuendelea kutoka hata baada ya mwezi. Muulize mapema. Na lipu ya jasi (gypsum) hesabu yake ni nyingine, hiyo hukauka haraka zaidi.