Anaumwa utumbo, kwa nini apimwe mifupa?

Mkuu, umesema dada yako ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo, anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe huo, tangu mwaka jana, na sasa daktari wa tumbo kamwandikia kipimo cha mifupa. Unahofia mnaliwa pesa bure. Hapana. Mpeleke.

Nami nina Crohn tangu nikiwa chuo. Pingili moja ya mgongo wangu ilivunjika nikiinua ndoo ya maji, na sijafika hata miaka 40. Sikuanguka wala kugongwa. Nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa ni misuli, hadi daktari mmoja kijana aliponiuliza natumia dawa gani nyingine. Kusikia prednisoloni tu, akaniandikia eksirei.

Mfupa uko hai: kuna seli zinazobomoa na zinazojenga. Uvimbe wa utumbo hauishii tumboni. Kemikali zake huzunguka na damu na kuzichochea zile zinazobomoa. Utumbo mwembamba wenye vidonda nao haufyonzi kalsiamu wala vitamini D inavyotakiwa. Wenye siliaki, yaani wale ambao ngano huwaharibu utumbo, hupatwa na hayohayo. Juu yake ongeza prednisoloni, inayozidumaza seli za kujenga na kuongeza kalsiamu inayopotelea kwenye mkojo. Mifupa hupungua kwa kasi zaidi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo wa dawa, na haiumi mpaka ivunjike.

Ila nakusihi, asiiache ghafla kwa hofu. Mwili uliokwisha kuizoea huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikata mara moja kunaweza kuua. Daktari ndiye wa kuishusha polepole huku akimtafutia dawa nyingine ya kutuliza utumbo.

Kipimo chenyewe, DEXA, eksirei ya kupima uzito wa mifupa, ni kulala tu mashine ikupitie juu. Majibu huja kama alama inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya; ikiwa -2.5 au chini ya hapo, kwa kawaida hiyo ni osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi. Pale mlipo kama hakuna mashine, eksirei ya uti wa mgongo huonyesha pingili iliyobonyea, lakini ikitoka safi isiwape uhakika kwamba mifupa ni imara.

Ale dagaa wazima na mifupa yao, na mtindi kama tumbo linaukubali. Akiwa anatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, aulizie vidonge vya kalsiamu sitreti, maana kalsiamu kaboneti huhitaji asidi hiyo ili ifyonzwe vizuri. Mimi nilianzishiwa alendronati, kidonge cha kuzuia mfupa usibomolewe. Hunywewa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na hulali kwa nusu saa. Ilinichoma koo, nikahamishiwa sindano ya zoledroniki, dawa ya kundi hilohilo, ya mara moja kwa mwaka. Dawa hizi hukaa kwenye mfupa kwa miaka, kwa hiyo kama dada bado anatarajia kuzaa, aliseme hilo kwa daktari kabla hajaanza.

Je, amewahi kukatwa sehemu ya utumbo? Na mgongo unamuuma, au amepungua urefu? Kama ndiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.